Mifupa Mitatu Ndani ya Sikio

[Muziki wa kufungulia, kisha unashuka taratibu]

 

Leo naanza na swali kwa wazazi na walezi. Je, una mtoto ambaye ukimwita haitiki, na shuleni wanasema ni mkaidi? Kabla ya kumgombeza, mwangalie masikio.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Inaingia kwenye tundu la sikio na kugonga kiwambo, yaani ngozi nyembamba iliyowambwa kama ya ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa, na humo mna mifupa mitatu iliyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Urefu wake ni kama milimita 3, hata punje ya mchele inaushinda.

Ndani zaidi kuna kijumba kilichojipinda kama gamba la konokono, kimejaa maji. Humo ndimo neva hupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Wewe uliyekulia kando ya Ziwa Kivu au Tanganyika unajua: ukizamisha kichwa majini, mtu anayekuita kutoka ufukweni humsikii vizuri. Sauti ya hewani ikigonga maji, sehemu kubwa hurudi ilikotoka. Mifupa ile mitatu huchukua mtikisiko wa kiwambo kizima na kuusukuma kwenye kidirisha kidogo sana, na msukumo wake huongezeka karibu mara 20. Ndipo sauti inapoingia majini.

Sasa, adui wa mifupa hii ni usaha. Kutoka nyuma ya pua kuna njia nyembamba inayofika kwenye chumba kile. Kwa mtoto mdogo njia hiyo ni fupi na imelala, kwa hiyo vijidudu vya mafua hupanda kwa urahisi. Usaha ukijaa, kiwambo hutoboka na sikio huanza kutoa majimaji. Yakiendelea wiki 2 au zaidi, huo ni ugonjwa sugu. Mara nyingi hauumi, ndiyo maana watu huuzoea na kusema mtoto atakua nao utaisha. Lakini huku nyuma unaweza kuila mifupa ile kidogo kidogo.

Basi ufanye nini? Mpeleke mtoto kituo cha afya cha kambi. Nyumbani, sokota kitambaa safi, laini, kinachonyonya maji, kiwe na ncha. Kiingize polepole, kikilowa kitoe, weka kingine, mpaka sikio likauke. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Usikiache ndani. Usitie mafuta, maji wala majani, na usichokoe kwa njiti ya kiberiti. Tone la dawa liwe lile ulilopewa na mhudumu wa afya.

Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, homa kali, shingo kukakamaa au uso kupinda upande mmoja, usingoje kesho. Nenda siku hiyo hiyo.

Kinga nayo ipo. Tangu mwaka 2009 Rwanda inatoa chanjo dhidi ya kimojawapo cha vijidudu vinavyoleta nimonia na maradhi ya sikio. Hakikisha kadi ya mtoto imekamilika, pamoja na chanjo ya surua.

Na kama usikivu umekwisha kupungua, usikate tamaa. Omba barua ya rufaa, kwani madaktari wa masikio wapo, na kiwambo kilichotoboka kinaweza kuzibwa kwa upasuaji. Wakati unasubiri, mwombe mwalimu amketishe mtoto mbele. Wewe nawe umwite ukiwa umemtazama usoni.

Usiku wa leo, simama nyuma ya kila mtoto wako na umwite jina kwa sauti ya chini. Asiyegeuka, kesho asubuhi mwende naye kituoni.

 

[Muziki wa kufungia]