Barua ya Chuo Pekee Haitoshi

Tunawashukuru wahadhiri na makarani wa chuo kikuu walioacha mapumziko yao ya Jumamosi kuja kuketi na watoto wetu. Mtoto akipata C+ tunachinja kuku (hata kwetu alichinjwa) tukidhani kazi imeisha. Kumbe nafasi ya KUCCPS ni jambo moja, pesa ni jingine: ufadhili wa masomo na mkopo wa HELB huombwa kando, mtandaoni, kwa muda uliowekwa. Wapo waliobaki nyumbani na barua mkononi. Leteni matokeo, cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Yatima aje na cheti cha kifo. Msaada huu haulipiwi; usimpe mtu hata shilingi. Meza ziko pale chini ya mwembe.