Majina Yaliyofungiwa Ndani ya Kompyuta

Wengine wenu mnatusikia mkiwa jikoni, maji ya chai yakiwa motoni. Wengine mmo ndani ya matatu, na dereva amewafanyia hisani ya kutobadilisha stesheni. Asubuhi ya leo hatukuja kuwahubiria juu ya makosa ya watu wengine. Tumekuja kuungama kosa letu wenyewe, nalo ni kosa la watu wanaopenda kompyuta.

Maana sisi twazipenda, tusifiche neno hili. Twazipenda tangu siku zile za kupanga foleni katika saiba, tukilipa kwa dakika na kuomba umeme usipotee kabla barua haijakwenda. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009 tulishangilia kama watu waliochimbiwa kisima, kwa kuwa kabla ya hapo habari zetu zilikuwa zikipitia kwenye satelaiti, polepole na kwa bei ya juu. Mtu akituuliza habari za mashine hizi, chakula hupoa mezani.

Basi ilipofika zamu ya ushirika wetu kununua kompyuta, ni sisi tuliosimama mbele ya wazee wa kanisa tukasema, "Wazee, vitabu vya ubatizo vimechakaa. Karatasi huliwa na mchwa. Tuandike majina yote ndani ya programu." Programu tuliyoichagua ilikuwa ya kulipiwa ada kila mwaka, nayo ilipendeza macho. Ukiandika jina la mtoto, mara moja laonekana jina la baba, la mama, la wasimamizi, na tarehe. Wazee walitazama wakatikisa vichwa kwa furaha.

Mzee karani peke yake, aliyekuwa akiandika vitabu vile kwa kalamu ya wino kabla sisi hatujazaliwa, aliuliza swali moja. "Na huyo mwenye programu akiondoka, ufunguo unabaki kwa nani?"

Tulicheka. Tukamjibu, "Mzee, hili si sanduku. Hii ni kompyuta."

Ndilo jibu tunaloliungama leo. Miaka ikapita, na aliyetuuzia akaacha biashara ile. Simu yake haikupokelewa, na barua zetu hazikujibiwa. Asubuhi moja tuliwasha kompyuta tukakuta tangazo kwamba leseni imekwisha, na hapakuwa na mtu wa kumlipa hata kama tungekuwa na fedha mkononi. Majina yalikuwa mle mle, juu ya meza yetu, ndani ya mashine iliyonunuliwa kwa sadaka za watu wetu. Tulilifungua lile faili kwa programu nyingine tukaona alama za ajabu tu, kama kwamba kuku amepita juu ya unga.

Wiki chache baadaye akaja mama mmoja. Mwanawe hakuandikishwa alipozaliwa, naye sasa alihitaji cheti cha kuzaliwa. Mama aliambiwa alete kadi ya ubatizo iwe ushahidi. Kadi ilikuwa imeungua pamoja na nyumba.

"Lakini jina lake si liko kwenu?" aliuliza.

"Liko, Mama," tukasema. "Liko, ila hatuwezi kulisoma."

Alitutazama, kisha akafunga leso yake vizuri akaondoka. Afadhali angalitukemea.

Huenda msikilizaji akasema kwamba hiyo ni bahati mbaya, na kwamba vitabu navyo huungua. Ni kweli. Lakini twapenda mfahamu jinsi kufuli hii inavyotengenezwa, maana iko katika simu na kompyuta zenu pia. Programu huandikwa na mtu, kwa maneno na alama ambazo mwenzake aliyejifunza kazi hiyo aweza kuzisoma na kuzisahihisha. Kisha maandishi hayo hugeuzwa kuwa namba ambazo ni mashine tu huzifuata. Mara nyingi mnunuzi hupewa zile namba, na maandishi hubaki kwa mwenyewe. Ni kama mama anayekuuzia mandazi kila asubuhi. Wala na kushiba, lakini kiasi cha hamira hukijui, na siku akihama mtaa huna mandazi.

Kuna mtu aliyeudhika sana kwa jambo hili hata akaligeuza kuwa kazi ya maisha yake. Jina lake ni Richard Stallman, naye alikuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT huko Marekani. Printa yao ya zamani ilikuwa na desturi ya kukwama karatasi, na kwa kuwa maandishi ya programu yake yalikuwa wazi, aliongeza maneno machache ili watu wanaongojea wapate habari mara ikwamapo. Ndipo wakaletewa printa mpya ya kampuni ya Xerox. Nayo ilikwama, lakini safari hii maandishi ya programu hayakutolewa. Alimwendea mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa nayo, akamwomba kwa heshima. Mtaalamu akakataa, kwa kuwa alikuwa ameahidi kutompa mtu yeyote. Twaweza kusema ni jambo dogo, karatasi tu zilizokwama. Lakini Stallman aliona kwamba jirani amezuiwa kumsaidia jirani, na mwezi wa Septemba 1983 akatangaza kazi ya kuandika programu ambazo kila mtu aweza kuzisoma, kuzibadilisha na kumgawia mwenzake.

Hapa Kiswahili kimetubariki kuliko Kiingereza. Waingereza wana neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyefungwa, na kwa sababu hiyo Stallman amekuwa akieleza miaka na miaka kwamba hasemi habari za bei. Sisi tuna maneno mawili, bure na huru. Programu huru yaweza kuuzwa, na programu ya bure yaweza kukufunga mikono na miguu. Nyingi za hizo zilizo katika simu zetu ni za namna hii ya pili.

Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo wa kompyuta, na mwaka uliofuata akakitoa kwa leseni aliyoiandika Stallman. Mfumo huo ni Linux. Kiini hicho hicho kimo ndani ya simu za Android, kwa hiyo wengi wenu mnao mfukoni bila kujua. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichukua programu huru ya kuandikia barua wakaifasiri, ikaitwa Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti awaruhusu kuandika maneno ya Kiswahili mahali pa Kiingereza. Na hapa kwetu, mwezi wa Januari 2008, nchi ikiwa katika machungu ambayo hatuna haja ya kuyasimulia, vijana walitengeneza Ushahidi ili watu watoe habari za ghasia kwa simu na zionekane kwenye ramani. Maandishi yake waliyaacha wazi. Haiti ilipotikiswa na tetemeko la Januari 2010, programu hiyo ilitumika huko.

Tusije tukawadanganya kwamba kilicho wazi hakina taabu. Mwezi wa Aprili 2014 lilitangazwa kosa lililoitwa Heartbleed katika programu huru iitwayo OpenSSL, inayolinda siri za sehemu kubwa ya mtandao. Kosa hilo lilikuwa limekaa humo miaka miwili. Mashirika makubwa ulimwenguni yaliitegemea programu hiyo, na waliokuwa wakiitunza ni watu wachache mno. Watu wa kanisa hawashangai wakisikia hivyo. Mnawajua wale mama wawili wanaofagia Jumamosi, na mnajua ni wangapi wanaokaa Jumapili.

Hata hivyo, tukipima, twachagua mlango unaofunguka. Angalieni habari za vitabu. Mwezi wa Julai 2009, watu waliokuwa wamenunua vitabu viwili vya George Orwell kwa kifaa cha kusomea cha Kindle waliamka wakakuta havipo. Amazon iligundua kwamba aliyeviuza hakuwa na haki navyo, ikavifuta kutoka mbali na kuwarudishia watu fedha zao. Kimoja cha vitabu hivyo kilikuwa kile kiitwacho 1984, ambacho ndani yake serikali huteketeza maandishi isiyoyapenda. Mwenye kampuni aliomba radhi hadharani. Mwaka 2019 Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu vya kompyuta, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikakoma kusomeka, ingawa nayo ilirudisha fedha. Mwaka huo huo MySpace ilikiri kwamba nyimbo ambazo watu waliziweka kwake kabla ya mwaka 2016 zimepotea. Kwaya ngapi leo zina nyimbo zao mahali pamoja tu, katika mtandao wa mtu wasiyemjua? Tunawauliza walimu wa kwaya, na swali hili si la mchezo.

Sasa turudi kwa yule mama. Tulipokuwa tukijitetea kwa kila mtu, mmoja wetu alisoma Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019. Sheria hiyo yampa mtu haki ya kuziona habari zake zilizo mikononi mwa mwingine, na haki ya kuambiwa zinatumiwaje. Tulinyamaza kwa aibu. Kumbe mama yule hakuja kuomba hisani. Tulikuwa mawakili wa jina la mwanawe, na tulikuwa tumempa mgeni ufunguo.

Ni mzee karani aliyetuokoa. Tulimwendea nyumbani kwake, tukakaa, tukanywa uji, tukakosa maneno ya kuanzia. Akaingia chumbani akatoka na debe la biskuti. Ndani mlikuwa na vipande vya vyeti vyote vya ubatizo, vile vinavyobaki cheti kikichanwa, vimefungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka. Sisi tulikuwa tumevitupa kwenye pipa nyuma ya ofisi. Yeye aliviokota.

"Sikuwa na ubishi na mashine yenu," alisema. "Nilitaka tu ziwe mbili."

Wataalamu husema maneno hayo hayo kwa fahari katika semina, kwamba habari iliyo na nakala moja ni kama haipo. Tulikaa majuma matatu tukiandika upya. Safari hii majina yamo katika faili la kawaida la namna iliyokubaliwa na mataifa tangu mwaka 2006, ambalo programu nyingi huweza kulifungua. Sisi twatumia LibreOffice, nayo ni huru. Kompyuta ni ile ile ya zamani. Windows 10 ilipofikia mwisho wa utunzaji wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, tuliambiwa mashine yetu haifai kwa ile mpya inayofuata, tukaiwekea Linux, nayo yaendelea na kazi. Nakala nyingine imo katika flashi, kwenye kasha la chuma nyumbani kwa mweka hazina. Na kuna kitabu. Mzee karani alikataa kustaafu mpaka kitabu kirudi mezani.

Juu ya vikundi vya WhatsApp tulikuwa na mengi ya kusema, lakini saa inatukimbia. Twasema hili tu. Tunavipenda, maana habari za msiba hutufikia upesi na michango pia. Lakini picha za watoto wa shule ya Jumapili, pamoja na majina yao na jina la shule yao, hazina kazi katika kikundi cha watu mia mbili. Na mwezi wa Januari 2019 wenye WhatsApp waliweka mpaka, ujumbe usipelekwe katika zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, kwa sababu ya uvumi uliokuwa ukienea. Ikiwa mwenye duka amepunguza kipimo, na mnywaji ajichunguze.

Mwana wa yule mama tulimpata katika fungu la mwaka 2014. Tulimpelekea barua nyumbani, nasi hatukutuma mtu mwingine. Alitukaribisha chai. Jina la kijana aliliandika mwenyewe katika kitabu kipya, kwa wino, kisha sisi tukaliandika katika kompyuta yeye akitazama herufi moja moja.

Lakini fungu la mwaka 2015 na la mwaka 2016 yaliloa maji kabla mzee hajayaokota. Vyeti vyetu vina namba zinazofuatana, kwa hiyo twajua ni vingapi visivyosomeka: ni 14. Ikiwa wewe unayetusikia, au mtoto wako, mlibatizwa katika ushirika wetu katika miaka hiyo miwili, tafadhali leta kadi yako tuinakili. Mzee karani yuko ofisini Jumanne na Alhamisi asubuhi, na kadi yako utarudi nayo siku iyo hiyo.