Karata Fupi

Nadhani nyote mmekwisha kuketi, na karatasi za somo ziko mbele yenu. Ninyi mlio darasani, fuateni maneno kwa kidole. Na wewe unayesoma peke yako nyumbani, soma polepole, hakuna anayekufukuza.

Somo letu la leo ni la karata. Najua wako watakaonung'unika na kusema, "Sisi tumekuja kujifunza kusoma, wala hatukuja kucheza." Vumilieni kidogo. Katika somo hili mna kupima, mna kukata, na mna mchezo mmoja wa mazingaombwe wa kuwachekesha watoto jioni. Tena, kama mimi ningalifundishwa habari hii nilipokuwa kijana, ningaliokoa mshahara wangu wa majuma mawili. Nitawaeleza baadaye.

Kwanza tuzitazame karata zenyewe. Pakiti moja ina karata 52, za aina nne, na kila aina ina karata 13. Aina hizo ni kopa, uru, shupaza na pau. Majina haya tuliyapata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498, na sisi tukayatamka kwa ulimi wetu. Sasa chukua rula, pima. Karata ya kawaida ina urefu wa milimita 88 hivi, yaani inchi tatu na nusu, na upana wa milimita 63, yaani inchi mbili na nusu. Ziko pia zilizo nyembamba zaidi, za milimita 57.

Lakini jambo kubwa si kipimo chenyewe. Jambo kubwa ni kwamba katika pakiti moja karata zote ni sawasawa. Mkono wa mchezaji umeuzoea usawa huo hata haufikirii tena. Basi ukiipunguza karata moja kwa milimita moja kasoro kidogo, jicho halitaona kitu, lakini kidole kitajua. Karata hiyo ndiyo tunayoiita karata fupi.

Namna ya kuitengeneza ni hii. Tafuta pakiti ya zamani, usiharibu mpya. Chagua karata moja, tuseme ree ya shupaza. Iweke juu ya ubao, weka rula karibu sana na ukingo wa upande mfupi, kisha pitisha wembe mkali mara moja tu. Usikate kwa mkasi kama mkono wako unatetemeka, maana mkasi huacha meno. Unachotoa ni uzi mwembamba, unene wa kucha hivi. Ukitoa zaidi, kila mtu ataona. Ukitoa pungufu, kidole hakitasikia. Mimi niliharibu karata tatu kabla ya kupata moja iliyo sawa, na karata ikikatwa haiungiki tena, kwa hiyo anza na karata usizozihitaji.

Watu wengi wakisha kukata hudhani kazi imekwisha. Haijakwisha. Tazama pembe. Pembe za karata ni za mviringo, na wewe sasa umeacha pembe mbili zenye ncha kali. Pembe hizo zitakusaliti upesi kuliko ufupi wenyewe. Zichonge kidogo kidogo kwa kikata kucha, kisha zipitishie msasa laini mpaka zifanane na pembe za wenzake. Jambo jingine: kama mgongo wa karata una mstari mweupe pembeni kote, upande uliokatwa utakuwa na mstari mwembamba zaidi. Ni afadhali kutumia karata zenye michoro inayofika mpaka ukingoni.

Irudishe karata katika pakiti. Sasa simamisha pakiti mezani, igonge kidogo, ili karata zote zikae sawa kwa upande wa chini. Ule upungufu umebaki upande wa juu. Ishike pakiti kwa mkono wa kushoto, migongo ikiwa juu. Kwa kidole gumba cha mkono wa kulia ikunje ile ncha yenye upungufu, uziachie karata moja moja, kuanzia za chini kwenda za juu. Tr-r-r-r... tap! Umesikia? Karata fupi haikushikwa na kidole, ikaanguka pamoja na ile ya chini yake. Simama hapo hapo. Karata fupi ndiyo iliyo juu ya fungu la chini. Rudia mara ishirini, ukiwa umefumba macho. Mwalimu wa darasa na asimamishe kusoma hapa, ili kila mtu ajaribu.

Haya, mchezo wenyewe. Mpe rafiki yako pakiti aichange apendavyo. Akikurudishia, igonge, tafuta ule mlio, lile fungu la juu uliweke chini. Sasa karata fupi iko juu kabisa. Zitandaze karata, mwambie achague moja katikati, aitazame, akumbuke. Kisha aiweke juu ya pakiti. Mwambie akate, yaani achukue fungu la juu aliweke chini. Na mwenzake akate. Na mama mkwe naye akate, kama yupo. Wote watasadiki kwamba karata imepotea.

Haikupotea. Kukata si kuchanga. Fikiri shanga zilizotungwa katika uzi na uzi ukafungwa: ukizizungusha, ya kwanza huwa ya mwisho, lakini shanga mbili zilizo jirani hubaki jirani. Basi karata ya rafiki yako bado imekaa juu ya karata fupi. Wewe igonge pakiti, ipeleke nyuma ya mgongo wako, achia karata, na mlio ukitokea, ligawe fungu la juu. Ligeuze uwaonyeshe uso wa karata yake ya mwisho. Ndiyo hiyo! Usipousikia mlio katikati, mpe mtu mwingine akate tena. Huenda karata fupi imekwenda juu kabisa. Ila usikubali mtu achange baada ya karata kurudishwa. Hapo ujirani huvunjika.

Wauzaji wa vitu vya mazingaombwe wana pakiti nzima iliyotengenezwa kwa njia hii, nayo huitwa Svengali. Karata 26 ni ndefu na mbalimbali, na karata 26 nyingine ni fupi na zote ni za namna moja. Zikiachiwa huku nyuso zikiwaelekea watu, huanguka mbili mbili, na zile fupi hujificha. Mimi siipendi sana, maana huwezi kumpa mtu aikague.

Sasa ile habari ya mshahara wangu. Ukataji wa karata haukutumiwa na wachezaji wa mazingaombwe tu. Huko Ufaransa alikuwako fundi wa saa, Jean Eugène Robert-Houdin, aliyezaliwa mwaka 1805, akawa bingwa wa mazingaombwe. Mwaka 1861 alitoa kitabu kizima cha kufichua hila za walaghai wa karata. Mimi sikukisoma. Nilikutana na mlaghai mwenyewe, katika nyumba ya wageni, siku ya mshahara. Aliniacha nichange mimi, nikaona huyu ni mtu wa haki. Hata hivyo kila mara ree zilimwendea yeye. Usiku sikubakiwa na nauli ya kurudi nyumbani.

Baharia mmoja mzee aliniita kando asubuhi akanieleza. Karata za mtu yule hazikufupishwa. Zilikatwa ubavuni, kila moja pana kidogo ncha hii na nyembamba ncha ile. Zikielekea upande mmoja zote, pakiti ni sawa. Lakini ree nne zilikuwa zimegeuzwa, na mapana yao yalijitokeza kati ya membamba. Vidole viwili vinavuta tu, nazo zatoka, hata ukichanga mpaka alfajiri, mradi usizigeuze.

Namna ya kujaribu aliyonifundisha mzee yule ni hii. Gawa pakiti mafungu mawili, fungu moja uligeuze nyuma mbele, kisha yachanganye. Sasa shika mbavu za ncha moja kwa mkono mmoja, na mbavu za ncha ya pili kwa mkono wa pili, uvute polepole. Pakiti njema hubaki imechanganyika. Pakiti iliyokatwa ubavuni hutoka mafungu mawili, kila karata na wenzake. Halafu igonge na kuiachia kwa kidole gumba, usikilize kama kuna tap.

Kwa somo lijalo, kila mmoja apime karata moja, aandike urefu na upana wake kwa milimita katika daftari. Na chini yake aandike, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini tuligonga pakiti mezani kabla ya kuziachia karata. Kwaherini.