Kenya: Hatari Ipitayo Chini ya Mwamba
Katika pwani ya Mombasa yupo adui wa bahari asiyeonekana na doria yoyote. Mwamba wa matumbawe ya kale una matundu mengi. Uchafu wa mashimo ya vyoo hupenya humo, ukaingia katika maji ya chini ya ardhi, nayo huchuruzika baharini yakibeba naitreti.

Naitreti ni mbolea. Vijimea vidogo mno vielavyo majini ndivyo chakula cha kwanza cha bahari. Lakini mbolea ikizidi, aina chache hushamiri na kuzisonga nyingine. Zikifa na kuoza, oksijeni hupungua na samaki hutaabika.

Mwamba kama huo upo Unguja pia. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji: ulinzi wa bahari huanzia chooni na kisimani.