Kenneth Matiba: Kutoka Ofisi ya Kampuni Hadi Bungeni

Wazee wetu, akina mama wa sokoni, na vijana wa Kariokor,

Mtaa huu ulirithi jina la kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini nimekuja hapa kumzungumzia tajiri, swali lenu ni halali.

Marehemu Kenneth Matiba alikuwa tajiri hasa. Aliacha ukatibu wa kudumu serikalini, akaingia Kenya Breweries na kupanda hadi uenyekiti. Akajenga na hoteli zake. Mwaka 1979 alimshinda Dakta Julius Kiano katika jimbo la Mbiri, na baadaye akawa Waziri. Siku zile leseni na mikopo ilifuata utiifu, na wengi wa tabaka lake waliliona Bunge kuwa mlango wa pili wa duka. Hata leo, mfanyabiashara akija sokoni humu kuomba kura, mwulizeni zabuni zake ziko wizara gani.

Ndipo ukaja mlolongo wa 1988. Wapiga kura walipanga foleni hadharani. Aliyetangaziwa zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa. Foleni fupi zikatangazwa ndefu, mchana kweupe, mbele ya watu wanaojua kuhesabu. Charles Rubia, mbunge wa Starehe na Meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, alipoteza kiti. Matiba alibaki na chake, lakini uchaguzi wa KANU ulipovurugwa vivyo hivyo kwao Murang'a, alijiuzulu uwaziri mwezi Desemba.

Tarehe 3 Mei 1990, yeye na Rubia walidai vyama vingi. Tarehe 4 Julai wakatiwa kizuizini, siku tatu kabla ya mkutano wa Kamukunji, uwanja ambao mnaufikia kwa miguu kutoka hapa. Siku ya Saba Saba wananchi walikwenda hata hivyo, wakakutana na virungu na risasi. Waliokufa hawakuwa na hoteli.

Matiba alipatwa na kiharusi kizuizini, akaachiliwa 1991. Katika uchaguzi wa 1992 alikuwa wa pili nyuma ya Moi, aliyeshinda kwa takriban asilimia 36 tu. Hapo simtetei: FORD ilikuwa imegawanyika, naye alikuwa miongoni mwa walioigawa. Biashara zake ziliporomoka. Mahakama Kuu iliamuru alipwe fidia mwaka 2017; alifariki Aprili 2018.