Wekeni Jina Kitakoni: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Maonyesho ya Vyungu, Mikumi



Akina mama wafinyanzi mliokuja kutoka vijiji vya Kilosa, nimepita kila meza. Mama mmoja amenigongea chungu kwa kifundo cha kidole nisikilize mlio. Kikilia vibaya kina ufa, hata kama macho hayauoni. Akanionyesha vigae vilivyotwangwa, vinavyochanganywa na udongo mpya ili chombo kistahimili moto. Kumbe chungu cha bibi kimo ndani ya chungu cha mjukuu.

Naomba niwatajie mfinyanzi mwenzenu, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza kusomea sanaa, kisha mwaka 1974 akaenda Abuja ya zamani (leo Suleja), Nigeria, akajifunza kwa Ladi Kwali, mama mfinyanzi ambaye leo yumo kwenye noti ya naira 20. Mitungi ya Odundo haijui gurudumu. Huipandisha kwa mkono, kamba ya udongo juu ya kamba, akaisugua mpaka ing'ae. Moto ukipata hewa inatoka na rangi ya chungwa, ukinyimwa hewa inatoka nyeusi. Itazameni vizuri: tumbo la mjamzito, shingo ndefu, kichwa kilichosukwa. Ni mwanamke amesimama! Leo imo British Museum, na mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha Dame.

Akina mama, ufundi huo mnao. Ila mtungi wake hutajwa kwa jina lake, na wa kwenu huuzwa kando ya barabara hauna mwenyewe. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gae. Mimi sikubali iendelee hivyo.

Ndoo za plastiki na sufuria zimeshachukua kazi ya maji na mboga, hilo tusibishane. Lakini Hifadhi yetu ya Mikumi inapokea wageni tangu 1964, na hoteli ziko hapa hapa barabarani. Wenye hoteli mliopo, nunueni vyungu kwa akina mama hawa, mviweke mapokezini, na jina la mfinyanzi lisomeke. Na ninyi akina mama, lichoreni kitakoni udongo ukiwa bado mbichi.

Ule mtungi mweusi wa meza ya mwisho naununua mimi, kwa bei aliyoitaja mwenyewe, bila kuomba punguzo.

Sasa natamka kuwa maonyesho haya yamefunguliwa rasmi.