Afande Kutolewa Kozi Bila Kuulizwa



Najua mkisikia mada ya leo wengine mtauliza: kwani sisi tumekuwa mawakili wa polisi? Kijana wa Kibera amekimbizwa na makarao vichochoroni, amepekuliwa mifuko, amelala seli bila kuambiwa kosa. Leo ati tuzungumzie haki ya afande aliyefukuzwa kozi ya kupandishwa cheo. Subiri kidogo, nitafika hapo.

Kwanza uelewe kozi yenyewe. Konstebo anayetaka kuwa koplo huchaguliwa, akaitwa chuoni, Kiganjo kule Nyeri au Embakasi hapa Nairobi, akasoma na akafanya mtihani. Nafasi ni chache na wapo askari wanaosubiri kwa miaka. Ukimtoa mtu darasani katikati ya kozi, hujamkatizia masomo tu. Umemfungia cheo, na mshahara unaokuja na cheo, na pensheni inayotegemea mshahara huo. Halafu anarudi kituoni, wenzake wananong'onezana: lazima kuna kitu alifanya.

Tuseme ni kijana wa hapa mtaani, aliyeandikwa polisi mama yake akafurahi. Asubuhi moja kwenye paredi jina lake linasomwa: funga sanduku, rudi kituoni. Barua hakuna. Akiuliza anaambiwa ni amri kutoka juu. Huenda ana kesi ya nidhamu kweli. Huenda cheti chake cha shule kina shaka. Huenda majina yamegongana, na sisi tunajua akina Mohamed, Abdi na Hassan tulivyo wengi kwenye kila orodha. Au kuna mkubwa anayemtafutia mpwa wake nafasi. Kama hakuulizwa, nani atajua ni lipi kati ya hayo?

Utasikia watu wakisema polisi ni kikosi cha amri, hakuna kujadiliana. Hebu tufungue Katiba ya 2010. Kifungu 24(5) kinaruhusu sheria kuwapunguzia polisi na wanajeshi baadhi ya haki, na kinazitaja moja moja: faragha, uhuru wa kujiunga na vyama, maandamano, mahusiano ya kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za mtu aliyekamatwa. Soma orodha hiyo mara mbili. Kifungu 47 hakimo. Hicho ndicho kinachosema kila mtu ana haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki na wakuu wa utawala, na apewe sababu kwa maandishi ikiwa uamuzi umegusa haki zake. Kifungu 27 cha usawa, kinachokataza ubaguzi wa dini na kabila, nacho hakimo. Walioandika Katiba walijua askari hawezi kuwa kama raia kwa kila jambo, wakachagua yale ya kumpunguzia. Hili walimwachia.

Kuna zaidi. Kifungu 236 kinakataza mtumishi wa umma kushushwa cheo au kuadhibiwa kwa njia yoyote bila kufuata sheria. Kifungu 246 kinaipa Tume ya Huduma ya Polisi kazi ya kuamua nani anapandishwa cheo, na nidhamu isimamiwe kwa utaratibu wa haki. Na kile ninachokipenda mimi ni 245(4): hakuna mtu, hata waziri, anayeruhusiwa kumwelekeza Inspekta Jenerali kuhusu kuajiri, kupandisha cheo au kufukuza askari fulani. Kwa hivyo ile simu ya mheshimiwa inayosema "mtoeni huyo, muingize wangu" inavunja Katiba hata kabla hajamaliza kuongea.

Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 imeeleza hatua zenyewe. Mtu aarifiwe mapema nini kinataka kufanywa na kwa nini. Aonyeshwe ushahidi. Apewe nafasi ya kujieleza. Aambiwe anaweza kukata rufaa wapi. Akiomba sababu na wakuu wakakataa kutoa, mahakama inaweza kuchukulia kwamba sababu nzuri haikuwepo, mpaka wao wathibitishe vinginevyo. Aliyeanguka mtihani ni habari nyingine, alama ni alama. Lakini hata yeye ana haki ya kujua alipata ngapi.

Sasa nirudi kwa swali lenu.

Kule Uingereza, mji wa Brighton, mkuu wa polisi aliyeitwa Charles Ridge alishtakiwa kwa njama ya kuzuia mkondo wa haki. Mahakama ikamwachilia, lakini jaji akakosoa uongozi wake. Mwaka 1958 kamati ya mji ikamfukuza bila kumwita ajieleze. Kesi ikapanda hadi Baraza la Malodi, na mwaka 1963 wakaamua kufukuzwa kule kulikuwa batili. Hoja kwamba hata angesikilizwa hakungekuwa na tofauti haikusaidia kitu. Kesi hiyo imekuwa msingi wa sheria ya utawala katika nchi nyingi, yetu ikiwemo.

Mnaona hatari iko wapi? Chukua askari mnayemjua nyote kwa ubaya, mwenye malalamishi yanayochunguzwa na IPOA. Wakubwa wanamtoa kozi kwa hasira, hakuna barua wala kikao. Anaenda kortini na anashinda, si kwa sababu hana hatia bali kwa sababu hakuulizwa. Mnarudishiwa huyo huyo Soweto West akiwa njiani kuwa koplo. Angeulizwa vizuri, angetoka na asingerudi.

Kisha kuna hili. Sheria anayoitumia afande ndiyo utakayoitumia wewe ukinyimwa kitambulisho. Wazee wa Kinubi hapa Kibera wanajua miaka waliyokaa mbele ya kamati za kuwachunguza, wakiambiwa njoo kesho bila sababu. Ukikubali "amri kutoka juu" itoshe kwa askari, kesho ofisa wa kitambulisho atakujibu hivyo hivyo.

Kwa nyinyi mlio na ndugu kazini, mwambieni hivi. Akitolewa, aombe sababu kwa maandishi siku hiyo hiyo na abaki na nakala yenye muhuri. Akate rufaa kwa Tume kwanza, maana korti itamuuliza kama alipitia huko. Na asilale. Kozi ikiisha, wenzake wakishafuzu, korti inaweza kumpa fidia lakini nafasi imeshakwenda. Kwa hivyo wakili aombe maagizo ya dharura Mahakama ya Ajira na Leba, kozi ikiwa bado inaendelea. Na ile barua ya kumwita kozi, asiiache chuoni.